Mzunguko wa mazoezi wa mashine ya moyo na mapafu: shajara ya mradi, Dodoma

Februari, wiki ya kwanza

Vifaa vimefika. Mashine kuukuu ya moyo na mapafu, iliyoondolewa kazini baada ya kutumika miaka mingi kwenye vyumba vya upasuaji, imeteremshwa na vijana wa darasa la vifaa tiba na sasa iko ndani ya maabara yetu. Tumepewa pia mapafu bandia yaliyopitwa na tarehe, matangi ya kukusanyia damu, kanula (mirija inayoingizwa kwenye moyo au mishipa) na mipira ya kupitishia damu ya kila ukubwa. Hakuna hata kimoja kinachoruhusiwa kumgusa mgonjwa tena, lakini kwa kazi yetu vinatosha kabisa.

Nieleze mradi kwa wanaoanza kutufuatilia leo. Tunajenga mzunguko wa mazoezi: mashine halisi, ile inayobeba kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji, maji yenye rangi badala ya damu, na "mgonjwa" wa plastiki mezani. Wauguzi wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), mafundi wa vifaa tiba na wanafunzi wa dawa za usingizi wa Kanda ya Kati wapate mahali pa kushika mipira hii kwa mikono yao kabla hawajasimama karibu na kifua kilicho wazi. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Dodoma au Singida aliyehitaji upasuaji wa kufungua moyo alisafirishwa hadi Dar es Salaam, Muhimbili, ambako ulianza mwaka 2008, na kisha Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa hapohapo mwaka 2015. Huduma za moyo zinasogea bara sasa. Zikisogea bila watu wa kuziendesha, tutabaki na mashine zilizofunikwa mashuka.

Ninapofikiria nani atalala kwenye meza hiyo, namwona mtoto wa Kongwa au Chamwino aliyeumwa mafindofindo yakaachwa yapoe yenyewe. Bakteria wale wakiachwa bila penisilini, kinga ya mwili inaweza kugeuka na kushambulia valvu, yaani milango ya moyo. Miaka inapita, valvu ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, inakuwa ngumu na nyembamba, mtoto anaanza kuhema akitembea kwenda shule. Valvu iliyofika hapo mara nyingi haitengenezeki moyo ukiwa unadunda na umejaa damu. Lazima moyo usimame, na damu ipate njia nyingine.

Februari, wiki ya tatu

Tumeunganisha mzunguko mzima kwa mara ya kwanza. Nauandika hapa kwa mpangilio wa damu yenyewe, kwa sababu wanafunzi wamegundua kwamba ukiweza kuusimulia bila kusimama, umeuelewa.

Damu nyeusi inatoka kwenye chumba cha juu cha kulia cha moyo kwa kanula, inateremka yenyewe kwa uzito wake hadi kwenye tangi lililo chini ya usawa wa meza. Kutoka tangini inavutwa na pampu. Pampu inaisukuma kwenye pafu bandia, ambalo ndani yake kuna maelfu ya nyuzi za plastiki zenye uwazi katikati, nyembamba kama nywele: gesi inapita ndani ya nyuzi, damu inapita nje yake, oksijeni inaingia na kaboni dayoksaidi inatoka bila gesi na damu kuchanganyika. Hapohapo kuna kipashio ambacho maji yake hupoza au kupasha damu. Halafu kichujio cha kunasa mapovu, halafu mpira mrefu unaorudi mezani na kuingia kwenye mshipa mkuu. Daktari akishabana mshipa huo karibu na moyo, moyo hupewa maji yenye potasiamu nyingi, nao unatulia tuli.

Kabla ya yote hayo kuna heparini, vitengo 300 hadi 400 kwa kila kilo ya mgonjwa, na kipimo cha muda wa kuganda ambacho lazima kivuke sekunde 480. Bila dawa hiyo damu inayogusa plastiki ingeganda ndani ya pafu bandia, na hapo hakuna cha kufanya. Upasuaji ukiisha, protamini inaifuta heparini.

Kazi iliyotula muda mwingi ni kufukuza mapovu. Unajaza mzunguko maji, unaendesha pampu polepole, unashika pafu bandia na kuligonga kwa kiganja upande huu na ule huku umeliinamisha ili mdomo wa kutolea uwe juu. Mapovu yanapanda yakiwa madogo kama punje za uwele, yanajikusanya chini ya kifuniko, yanatoka. Unadhani yameisha. Unageuza tena, yanatoka mengine kwenye kona ya kiungo. Mwanafunzi mmoja alitaka tuendelee na somo linalofuata, daktari wetu wa usingizi akamwambia, "Kijana, povu ulilolivumilia hapa, kesho litakuwa kichwani kwa mtu." Tukaendelea kugonga.

Machi, mwanzoni

Maji matupu hayafai. Mnato wa damu, yaani ugumu wake wa kutiririka, ni mara tatu hadi nne ya ule wa maji, kwa hiyo pampu inayosukuma maji inatudanganya kuhusu presha. Dawa ni gliserini: sehemu nne za gliserini kwa sita za maji, kwa uzito, zinakaribia mnato wa damu. Tumenunua ile ya urembo kwenye maduka ya soko la Majengo. Muuza duka aliuliza kama tunafungua saluni. Rangi ni ya keki.

Jambo moja tumeliona haraka. Asubuhi na alasiri mashine inatoa vipimo tofauti kwa mwendo uleule wa pampu. Si mashine. Gliserini inalegea joto likipanda, na Dodoma ya saa moja asubuhi si Dodoma ya saa nane mchana. Kuanzia sasa tunapasha mchanganyiko hadi joto lilelile kila siku kabla ya kuandika chochote kwenye daftari.

Machi, Alhamisi ya kusoma

Kila Alhamisi jioni tunakaa na kusoma tafiti. Tumeanza na chimbuko.

Miaka ya 1930 ikianza, daktari kijana John Gibbon alikesha pembeni ya mgonjwa huko Boston aliyekuwa na donge la damu kwenye mapafu. Usiku kucha aliandika presha ikishuka na damu ikizidi kuwa nyeusi, akiwaza kwamba kama angeweza kuitoa damu hiyo nje, kuitia oksijeni na kuirudisha, mgonjwa angepona. Mgonjwa alifariki. Gibbon na mkewe Mary, aliyekuwa mtaalamu wa maabara, walitumia zaidi ya miaka ishirini kuunda mashine, na kampuni ya IBM iliwasaidia kihandisi. Tarehe 6 Mei 1953, Philadelphia, msichana wa miaka 18 aitwaye Cecelia Bavolek alizibwa tundu la moyo huku mashine ikibeba kazi yote kwa dakika 26. Alipona. Wagonjwa waliofuata wa Gibbon walikufa, naye akasimamisha matumizi ya mashine yake.

Mwaka uliofuata, Minnesota, Walton Lillehei alichukua njia ambayo ilinyamazisha chumba chetu: mzazi ndiye aliyekuwa mashine. Baba au mama alilazwa pembeni ya mtoto, mipira ikapitisha damu ya mtoto kwenye mwili wa mzazi na kuirudisha ikiwa na oksijeni. Kati ya wagonjwa 45 waliofanyiwa hivyo, 28 walitoka hospitali wakiwa hai. Sista mmoja, mama wa watoto watatu, alisema angekubali siku hiyohiyo. Nadhani kila mzazi aliyekuwepo alikuwa ameshajijibu moyoni. Lakini mama mmoja kati ya waliojitolea kule aliumia ubongo vibaya, na hiyo ni sababu mojawapo ya njia ile kutodumu: operesheni moja iliweza kudhuru watu wawili. Richard DeWall, hapohapo Minnesota, akaja mwaka 1955 na pafu bandia la mapovu, rahisi na la bei nafuu, na upasuaji wa moyo ukaanza kusambaa duniani.

Ninachokibeba kutoka jioni hii ni hatua zilizofuata kifo cha wagonjwa wa Gibbon. John Kirklin wa kliniki ya Mayo aliichukua mashine ileile, akairekebisha, na mwaka 1955 akaanza kuitumia kwa mafanikio akiwa na timu iliyokuwa imefanya mazoezi kwa wanyama tena na tena. Timu ile ilijua kazi yake kabla mgonjwa hajaingia chumbani. Hicho ndicho tunachojaribu kujenga.

Aprili

Umeme ulikatika katikati ya somo. Tulikuwa hatujaupanga, na ikawa bahati njema, kwani limekuwa somo kubwa kuliko yote tuliyofundisha.

Mashine yetu ina vichwa viwili vya pampu. Kimoja ni cha rola: rola mbili zinaubana mpira dhidi ya ukuta na kuyakamua maji mbele, kwa hiyo kila wakati kuna mahali mpira umefungwa. Kingine ni cha sentrifuga: pangaboi ndogo inazungushwa kwa sumaku ndani ya koni, na hakuna kinachofunga njia. Siku hiyo tulikuwa kwenye sentrifuga. Taa zikazimika, mlio wa pampu ukashuka, na sista aliyekuwa amesimama upande wa mpira wa kurudishia damu akapaza sauti: "Mwalimu, inarudi nyuma!"

Ilikuwa inarudi kweli. Maji mekundu yalikuwa yakiteremka kutoka kwa mgonjwa wa plastiki, yakipita kwenye kichujio, kwenye pafu bandia, kwenye pampu iliyosimama, hadi tangini, na tangi likawa linajaa mbele ya macho yetu. Kwa binadamu hiyo ni damu ya mshipa mkuu inayomwagika kurudi kwenye mashine. Presha ya ubongo inaanguka, na pale kanula ilipoingilia hewa inaweza kuvutwa ndani. Rola isingefanya hivyo, kwa sababu imeubana mpira hata ikiwa imesimama.

Kwa hiyo mkono wa kwanza hauendi kwenye hendeli ya kuzungushia. Unaenda kwenye kibanio, na kibanio kinaenda kwenye mpira wa kurudishia damu. Mtu yeyote aliyeona filamu za hospitali angeikimbilia hendeli kwanza. Tumeandika utaratibu kwa rangi nyekundu ukutani: bana, sema kwa sauti, zungusha, kisha fungua ukishapata mwendo wa kusukuma mbele. "Sema kwa sauti" imeongezwa na daktari wa usingizi. Mpasuaji ameinamia kifua na hajui kilichotokea nyuma ya mgongo wake mpaka aambiwe, na mtu wa usingizi anahitaji kujua ili aendeleze dawa.

Kuzungusha kwa mkono kunachosha kuliko inavyoonekana. Mtu mzima mwenye nguvu anaanza kuyumba mwendo baada ya dakika chache, na mwendo ukiyumba mtiririko unayumba. Tumeweka sheria ya kupokezana kabla mtu hajachoka. Vijana wamechora mshale mkubwa kwenye kichwa cha rola, kwa sababu kuzungusha kinyume kunavuta damu kutoka kwa mgonjwa.

Tangu siku hiyo kila kipindi kina mzimo wa umeme tunaoufanya makusudi, na hatusemi saa ngapi. Mwanzoni watu waligongana mikono. Sasa kibanio kinaingia kabla mlio wa pampu haujaisha.

Mei

Zoezi la tangi. Hesabu yake ni fupi na inatisha, nami napenda wanafunzi waifanye wenyewe kwenye ubao. Mtu mzima akiwa kwenye mtiririko wa lita 5 kwa dakika, pampu inameza mililita 83 kila sekunde. Tangi likiwa limebaki na nusu lita na damu ikaacha kuteremka kutoka kwa mgonjwa, una sekunde 6 kabla pampu haijaanza kumeza hewa. Sita. Ndani ya sekunde hizo lazima uone, upunguze pampu, na uulize mezani kuna nini.

Mara nyingi kilichopo mezani ni hewa iliyojaa kwenye mpira wa kuteremshia. Mpira huo unategemea safu ya damu isiyokatika, na hewa ikiikata, mvuto unakufa. Dawa yake ni ya mikono: unauinua mpira karibu na mgonjwa, unausogeza mkono kuelekea tangini, hewa inatembea mbele ya mkono wako kama unavyomsindikiza mbuzi kwenye uchochoro, mpaka inadondokea tangini na mteremko unarudi kwa kishindo. Tumefanya hivi mpaka kila muuguzi akaweza akiwa anaongea na mwenzake.

Juni

Swali lililoletwa na mwanafunzi kutoka Mpwapwa: je, mwinuko wa Dodoma unaathiri pafu bandia? Tuko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari. Swali zuri, na jibu lake linapatikana kwa kalamu.

Presha ya hewa hapa ni takriban milimita 665 za zebaki, badala ya 760 za Dar es Salaam. Ukipitisha oksijeni tupu kwenye pafu bandia, kiwango cha juu cha presha ya oksijeni kwenye damu kinapungua kwa milimita kama 95. Inasikika kubwa. Lakini damu hubeba oksijeni yake karibu yote ikiwa imeshikwa na hemoglobini, mililita 1.34 kwa kila gramu. Damu yenye gramu 10 za hemoglobini katika kila mililita 100 inabeba humo mililita 13.4 za oksijeni. Presha ile iliyopotea ingeongeza mililita 0.3 tu juu ya hapo. Kwa hiyo mwinuko si kikwazo. Hemoglobini ndogo ndiyo kikwazo, na upungufu wa damu tunaujua vizuri kwa watoto na kina mama wa mkoa huu. Kila lita ya maji ya kujazia mzunguko inaizimua zaidi damu ya mtoto mdogo, na hilo ndilo la kuhangaikia kuliko mlima.

Mwinuko unagusa sehemu moja: povu. Gesi ileile inachukua nafasi kubwa zaidi presha ikishuka, kwa hiyo povu la hapa ni kubwa kwa asilimia 14 hivi kuliko povu hilohilo likiwa pwani. Sababu nyingine ya kugonga pafu bandia mpaka liwe safi.

Juni, mwishoni

Maji ya kipashio. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili inatoka visima vya Makutupora, na mtu yeyote mwenye birika nyumbani anajua yanavyoacha gamba jeupe. Gamba hilo ndani ya kipashio linapunguza uwezo wa kupasha na kupoza. Tunatumia maji yaliyotakaswa tu.

Kuna jambo zito zaidi kuhusu maji hayo. Miaka ya 2010 huko Ulaya iligundulika kwamba mashine za kupashia maji zilikuwa zinarusha mvuke wenye bakteria aitwaye Mycobacterium chimaera, jamaa wa mbali wa kifua kikuu. Mvuke huo ulifika kwenye kifua kilichofunguliwa na kukaa kwenye valvu bandia. Wagonjwa waliugua miezi au miaka baadaye, na wengi walifariki. Maji yale hayagusi damu kabisa, na bado yaliua. Ndiyo maana tumeweka ratiba ya kubadili maji na kusafisha tangi hata kwa mashine ya mazoezi, na anayefanya anatia saini. Tabia inaanzia hapa.

Julai

Upepo umeanza na vumbi lake. Vichujio vya feni za mashine vinajaa haraka. Tumevishonea vitambaa vya nje vinavyofuliwa.

Julai, Alhamisi za ECMO

Tumefika kwenye mada ambayo wengi waliisubiri. ECMO ni ndugu wa mashine hii: pampu na pafu bandia, lakini bila tangi lililo wazi, kwa siku au wiki badala ya saa, mgonjwa akiwa kitandani ICU. Inaweza kubeba mapafu peke yake au moyo na mapafu pamoja. Mwaka 1971 J. Donald Hill aliitumia kwa kijana aliyeumia vibaya ajalini huko California, akapona. Mwaka 1975 Robert Bartlett akamwokoa mtoto mchanga ambaye wauguzi walimwita Esperanza, yaani Tumaini kwa Kihispania. Wakati wa UVIKO-19 dunia nzima ilisikia jina la mashine hii, na tangu hapo naulizwa na watu wengi: Dodoma tunapata lini?

Tumesoma tafiti kubwa moja baada ya nyingine, na naandika nilivyozielewa.

Utafiti wa CESAR wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2009, uligawa wagonjwa 180 wenye mapafu yaliyoshindwa. Waliopangiwa kupelekwa kituo cha ECMO cha Leicester, asilimia 63 walikuwa hai bila ulemavu mkubwa baada ya miezi sita, dhidi ya asilimia 47 ya waliobaki walikokuwa. Lakini robo hivi ya waliopangiwa kituo kile hawakuwahi kuunganishwa na mashine. Sehemu ya faida ilitoka kwenye kituo chenyewe na watu wake.

Utafiti wa EOLIA wa mwaka 2018 ulikuwa na wagonjwa 249: vifo asilimia 35 kwa ECMO na 46 kwa matibabu ya kawaida, tofauti ambayo kitakwimu haikuvuka mstari uliowekwa.

Kwa moyo uliosimama ghafla kuna tafiti mbili za kuwekwa meza moja. Minneapolis, mwaka 2020, timu moja yenye uzoefu mkubwa iliwaunganisha wagonjwa haraka: asilimia 43 walitoka hospitali hai dhidi ya 7. Utafiti ukasimamishwa mapema kwa sababu ya tofauti hiyo. Uholanzi, mwaka 2023, kwenye vituo vingi: asilimia 20 dhidi ya 16 walikuwa hai na ubongo ukiwa katika hali nzuri baada ya siku 30. Wazo ni lilelile. Tofauti kubwa ninayoiona ni timu, muda, na mazoea ya kufanya kazi pamoja.

Na utafiti wa ECLS-SHOCK, mwaka 2023, ambao nimeusoma mara nyingi kuliko yote. Wagonjwa 420 ambao moyo ulishindwa kusukuma damu baada ya shambulio la moyo. Kufikia siku 30, asilimia 47.8 ya waliopewa ECMO walikuwa wamefariki, na 49.0 ya wasiopewa. Karibu sawa. Lakini waliopewa walivuja damu sana zaidi ya mara mbili ya wenzao, na matatizo makubwa ya mishipa ya miguu yalikuwa asilimia 11 dhidi ya 3.8. Mashine ilifanya kazi yake, na wagonjwa hawakunufaika.

Daktari wetu wa usingizi alilieleza vizuri: ECMO haitibu kitu, inanunua muda. Swali ni muda huo unakupeleka wapi. Mama ambaye moyo wake umedhoofika baada ya kujifungua anaweza kupona moyo wenyewe ukipewa siku za kupumzika. Mwenye donge kubwa kwenye mapafu, dawa inaweza kuliyeyusha. Lakini asiye na upasuaji wa kumwendea, wala moyo wa kupandikizwa, wala ugonjwa unaopungua, anawekwa kwenye daraja lisilo na ng'ambo. Halafu siku moja lazima mtu aizime mashine, na familia iko mlangoni.

Agosti

Nimewapa wanafunzi kazi ya hesabu: mgonjwa mmoja wa ECMO, siku 10, hapa. Walichokileta nakiweka kama kilivyo.

Oksijeni ya pafu bandia, lita 4 kwa dakika: lita 57,600. Mtungi mkubwa una lita 6,800. Ni mitungi kama 9, bila kuhesabu ventileta, mashine ya kupumulia. Kipimo cha muda wa kuganda kila saa: vipimo 240. Mtu aliyefunzwa asiyetoka pembeni ya mashine usiku na mchana: saa 240 za kazi. Damu ya kuongeza, maabara inayojibu usiku wa manane, umeme usioyumba, na pafu bandia la akiba kama la kwanza litaganda.

Baada ya hesabu hiyo tumekubaliana kuhusu mwelekeo, na ninausimamia kwa moyo wote. Mradi huu utaendelea kuwa wa upasuaji wa moyo kwanza, na ECMO itaingia kupitia mlango huo: mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji na moyo ukakataa kuachana na mashine. Hapo kanula ziko tayari, timu iko chumbani, na watu wanaofanya hivyo ni walewale waliozoea kubana mpira, kufukuza povu na kusoma tangi. Takwimu za dunia zinaonyesha kwamba vituo vinavyofanya ECMO kwa watu wazima zaidi ya 30 kwa mwaka vina vifo vichache kuliko vinavyofanya chini ya 6. Kituo kinachofanya wachache kinapata wapi ukomavu? Kwenye upasuaji wa kila wiki, na kwenye mazoezi kama haya. Mashine ya ECMO inaweza kununuliwa kwa mwaka mmoja wa bajeti. Muuguzi anayejua saa tisa usiku kwamba mpira unaotetemeka maana yake mgonjwa amepungukiwa maji mishipani, huyo hanunuliwi.

Septemba

Selimundu. Tumeiongeza kama somo kamili, si mstari mmoja kwenye silabasi. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi huzaliwa nayo, na hapa Dodoma Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa ikipandikiza uloto kwa watoto wenye ugonjwa huo. Chembe za selimundu hujikunja zikikosa oksijeni, zikipata baridi, au damu ikiwa na asidi, na mashine ya moyo na mapafu inaweza kuleta yote matatu kwa pamoja. Vitabu vingi vya kufundishia vinaipa aya chache. Kwetu huyo ni mgonjwa wa kawaida.

Tunafundisha hivi: kila mgonjwa apimwe kabla, hata asiye na dalili. Mwenye ugonjwa abadilishiwe damu, mara nyingi kwa lengo la kushusha hemoglobini S chini ya asilimia 30. Joto lisishushwe bila sababu kubwa. Mtiririko uwe wa kutosha wakati wote. Mmoja wa wauguzi wetu ana mdogo wake mwenye selimundu, na maswali yake yameboresha somo kuliko kitabu chochote: kinywaji gani kabla ya kulazwa, blanketi chumbani, nani anamwambia mtu wa mashine kwamba mgonjwa alikuwa na maumivu wiki iliyopita. Swali la mwisho halikuwa na jibu kwenye fomu yetu. Sasa lina mstari wake.

Oktoba

Kundi la wauguzi wa ICU kutoka hospitali za kanda limemaliza mzunguko wa kwanza wa mafunzo. Wawili kati yao sasa wanafundisha wenzao zoezi la kuondoa hewa, na wanalifundisha vizuri kuliko mimi kwa sababu wanalieleza kwa lugha ya wodi.

Ya kufanya mwezi ujao: kuhamisha mzunguko kwenye chumba kilicho karibu na ICU, ili zamu ya usiku nayo ifanye mazoezi ya mzimo wa umeme. Kubadili betri ya mashine, iliyokufa kabisa. Kupata mipira mipya ya kichwa cha rola, maana iliyopo imechoka na safu ya maji inashuka upesi tunapopima mbano. Kuandika utaratibu wa hewa iliyomfikia mgonjwa, kuanzia kusimamisha pampu, kubana, hadi kumlaza kichwa chini, na kuufanyia mazoezi mpasuaji akiwepo. Mpasuaji mmoja ameshakubali kuja Jumamosi ya pili, saa nne asubuhi. Wanafunzi wa usingizi, leteni daftari zenu.